Kadi za Nukta Zilizomo Sandukuni Mwako

Mwanangu Zuwena,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Kama chumba walichokupa hakina mlango, geukia ukutani. Na ukimaliza kusoma, barua hii usimwoneshe mtu yeyote: si shoga yako, si mwalimu mkuu wa skuli unayokwenda kufundisha, si hata shangazi yako atakayekupokea Makunduchi, ingawa najua moyo wake ni mweupe. Nakuomba kama mtu anavyoomba radhi. Unanijua mama yako. Mimi ni mtu wa kufunga dirisha kabla sijataja bei ya sukari. Umenicheka kwa hilo tangu ulipoota meno ya pili, na haki unayo, lakini mara hii nisikilize.

Naandika baada ya laasiri. Wewe uko chini kwa Bi Salma unasukwa nywele, na sauti zenu zinapanda kwa ngazi mpaka hapa nilipo. Nikisikia kimya nitajua umemaliza, nami nitaficha kalamu. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala nani wa kuamkia kwanza ukifika. Hayo bibi yako ameshakwambia mpaka umechoka. Nataka kukuandikia habari za kadi.

Ukifungua sanduku lako, chini kabisa, chini ya kanga zako mpya, utakuta kifurushi kimefungwa kwa foronya. Ni zile kadi zako za nukta. Ulidhani nimezichoma zamani. Nilikwambia nimezichoma. Asubuhi ya leo niliwasha jiko nizichome kweli, nikashindwa, na sasa utanijua kwa nini.

Ulianza skuli mwaka uliofuata mapinduzi. Baba yako alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, na mimi nilikuwa nimepata kazi ya ukarani kwa sababu makarani wengi walikuwa wameondoka na mtu aliyejua kupiga chapa alikuwa akitafutwa. Nilipewa meza ya bwana mmoja niliyekuwa nikimwamkia njiani. Droo yake ilikuwa bado na kalamu zake. Sikuwahi kuzigusa. Nilikaa pale kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba, nikisubiri kuambiwa inuka.

Nilichokuwa nikijivunia siku hizo ni wewe. Nilikufundisha mwenyewe kuhesabu mpaka mia. Ulikuwa ukiyumba mbele na nyuma kama ulivyoyumba chuoni ukisoma Kurani, unateremka na namba kama maji, na majirani wanapanda juu kukusikiliza. Bi Salma alikuwa akisema, "Mashaallah, huyu atakuwa karani kama mamake." Nami nilivimba.

Kisha mwalimu wako akaniita. Aliweka vijiti vya kiberiti mezani, vinne, akakwambia, "Hebu Zuwena, hivi vingapi?"

Ukaanza kuyumba. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ulivipita vijiti ukaendelea, ukafika ishirini na kitu, macho yako yakiwa dirishani, kwa sababu hapana aliyekwambia simama.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikusubiri umalize pumzi, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Bi, mtoto huyu anaimba. Hahesabu. Darasa langu limejaa mpaka mlangoni. Kama Sikukuu Kubwa itafika naye bado hivi, nitamrudisha nyumbani angoje mwaka mwengine."

Mwaka mwengine! Kwa mtu mwengine ni kitu kidogo. Mimi, siku hizo, sikujua kama mwaka mwengine nitakuwa na kazi, au sisi tutakuwa na chumba hiki cha Mkunazini. Nilichokiona ni mlango unafungwa, na wewe uko nje yake.

Basi nikafanya anachofanya mtu mwenye hofu. Nikakaza. Kila nilipotoka ofisini nilikuweka mkekani, nikakushika kidole, nikakigongesha juu ya kila kitu: kijiko, moja! Kikombe, mbili! Ukikosea nilikupiga kofi la kiganja. Si kofi kubwa, nilijiambia. Lakini baada ya siku chache ulianza kuficha mikono yako kwapani kila uliposikia viatu vyangu kwenye ngazi. Zuwena, nimeona mengi tangu wakati ule, lakini picha inayonirudia ni ile, mtoto amesimama ukutani na mikono kwapani, ananiamkia: "Shikamoo mama."

Na juu ya hayo alikuwapo bibi yako. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Magharibi moja nilikuwa nakufundisha kwa tende zilizokuwa sahanini tukingoja adhana, na bibi yako akaruka kama kaumwa na siafu.

"Khaa! Unahesabu tende? Unazitia jicho riziki za watu hata hawajafungua kinywa?"

"Mama, mwalimu anataka ahesabu."

"Akahesabu hukohuko skuli. Tende hazihesabiwi, mayai hayahesabiwi, vifaranga vyangu havihesabiwi. Nshakwambia. Ndani ya nyumba yangu hakihesabiwi kitu chenye baraka."

"Sasa atajifunza kwa kitu gani?"

"Mnajua nyie mliosoma," akasema, akaisogeza sahani upande wake.

Unamjua bibi yako. Huwezi kushindana naye. Skuli ilitaka uhesabu, nyumba ilikataza, nami nilikuwa katikati, na Sikukuu Kubwa inakuja.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka kazini nimeinamisha kichwa kama kawaida, kwa sababu pale barazani kwetu palikuwa na wanaume wanacheza dhumna, vile vipande vya nukta, na mwanamke hasimami mbele ya baraza la dhumna. Unayakumbuka makelele yao. Masoud fundi cherehani alikuwa hatii kipande chini mpaka amtukane mtu kwanza. "Kula hicho, mvivu we!" Pa! Wewe ulikuwa umekaa kwenye kidato cha ngazi, nyuma ya mgongo wake.

Alipopiga kipande, ukasema peke yako, polepole, "Tano."

Nikasimama. Mbele ya baraza, mimi, nikasimama.

"Umesemaje, Zuwena?"

Mikono ikaenda kwapani papo hapo. "Sijahesabu, mama! Wallahi sijahesabu!"

Masoud akageuka akacheka. "Muacheni mtoto, Bi. Hajahesabu kweli. Dhumna nani anahesabu? Ukihesabu umeshaliwa."

Nilikuinua nikakupandisha juu, na nadhani uliamini utapigwa. Lakini kichwa changu kilikuwa kinawaka. Ulikuwa umeapa kweli. Hukuhesabu. Ulitupa jicho ukajua. Ile tano uliyoshindwa kuifikia kwa kidole na kwa machozi ilikuwa ndani ya macho yako siku zote, na mimi nilikuwa naigongagonga nje kwa makofi.

Tukahitaji dhumna, na dhumna nisingeweza kuipata. Kuazima kwa Masoud nisingethubutu: karani mwanamke, mjane, mtoto wake anacheza dhumna, yangesemwa. Kadibodi haikuwapo madukani. Nami nilijua mahali pamoja tu penye karatasi nene. Hapa ndipo siri yenyewe ilipo, kwa hiyo tazama tena mlango.

Katika ghala ya ofisi yetu yalirundikwa majalada ya faili za zamani, magumu kama ubao. Tuliambiwa yaharibiwe yote. Kila jalada lilikuwa na nembo ya serikali iliyoondoka. Watu siku hizo walikuwa wakitoa picha ukutani na kukata vifungo vya makoti ya marehemu baba zao ili wasikutwe na nembo ile. Na mama yako, anayeogopa hata kupiga chafya mbele ya mkubwa wa kazi, alichukua majalada akayatia ndani ya buibui, kifuani, akatoka nayo mchana kweupe. Nilipita Forodhani nikihisi kila mtu anaona kifua changu kina pembe nne.

Nilizikata kadi kwa mkasi wa bibi yako. Nukta nilizipiga kwa kizibo cha chupa nilichokichovya katika wino, upande usio na nembo. Upande wenye nembo nilibandika karatasi ya khaki kwa gundi ya unga. Ilishika vibaya. Mpaka leo pembe zake zinainuka.

Mchezo ulikuwa mmoja: onesha, ficha, sema. Nakuonesha kadi kwa muda wa kupepesa jicho, naifunika kifuani, unasema. Hapana kidole. Hapana kugusa. Na mikono yako, ukitaka, iweke kwapani. Nilikwambia hivyo makusudi. Ukaiweka. Baada ya kadi chache mikono ikatoka yenyewe, ukawa unanipiga magotini: "Nyengine mama! Nyengine!"

Bibi yako alikuwa anatazama kutoka kitandani, tasbihi mkononi.

"Hii si kuhesabu?"

"Si kuhesabu, mama. Ni kutazama."

Akafikiri sana. "Kutazama hakuna ubaya," akasema. Kisha akaongeza, "Ile uliyoificha sasa hivi ilikuwa tatu."

Nilidhani nimeshinda. Nikajisifu mapema, kama kawaida yangu. Maana magharibi moja bibi yako aliweka tende tano sahanini, kwa mstari, nami nikakukonyeza: hebu tazama. Ukatazama. Uso ukakunjika.

"Si tano hizi," ukasema. "Tano ina mmoja katikati."

Nikafahamu nilichokifanya. Nilizipanga nukta zote kama dhumna, tano daima ikiwa na pembe zake nne na jicho katikati. Wewe hukujifunza tano. Ulijifunza uso wa kipande cha dhumna, kama mtoto anayemjua mjomba wake kwa kofia tu; avue kofia, hamjui. Zamani nilikufundisha wimbo nikadhani ni hesabu, na safari hii nilikufundisha picha nikadhani ni hesabu. Kosa ni lilelile limebadilisha nguo.

Nikarudi ghalani. Ndiyo, mara ya pili.  Nikatengeneza kadi nyengine, na kila namba nikaivisha nguo nyingi: nne ya mraba, nne ya mstari, nne iliyotupwa ovyo kama mahindi ya kuku, nne ya nukta kubwa, nne ya nukta ndogo. Tukatoka na mchezo nje. Sokoni Darajani uliona ndimu zimepangwa mafungu, tatu chini na moja juu, ukapiga kelele mbele ya muuzaji, "Nne! Watatu wamembeba mmoja!" Muuzaji akasema, "Huyu mtoto wako ana macho, Bi, simuibii tena." Uani ulisimama na bibi yako jioni wakati vifaranga vinaingia tengani, naye kwa mtupo wa jicho anasema, "Wametimia," nawe unaitikia, "Wametimia, bibi," na namba hamkuitaja, na nyote wawili mnaijua.

Sasa nikwambie siku niliyokufa nikafufuka.

Ulikuwa mchana wa Ijumaa, Ramadhani imeshakwisha. Tulikuwa tumezitandaza kadi mkekani. Hodi ikapigwa, na kabla sijaitika mjumbe wa mtaa ameshafika juu ya ngazi, mtu mnene, anahema, amekuja kuandikisha watu wa kila nyumba. Nilisema karibu.  Kadi zilikuwa pale, na karatasi ya khaki ya kadi moja ilikuwa imeinuka pembe nzima.

Mjumbe akakaa mkekani. Akanyoosha mkono, akaokota kadi ileile.

"Nini hizi, Bi?"

 Nilishaona nafukuzwa kazi, nilishaona mabaya kuliko hayo. Ukanyakua kadi mkononi mwake, wewe, mtoto mdogo, ukaificha kifuani kwako.

"Sema haraka! Ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Umeziona! Ngapi?"

Mjumbe akatabasamu. "Sita."

"Uwongo! Saba! Nne na tatu. Umeliwa, mvivu we!"

Nilitaka ardhi inimeze. Bibi yako akasema, "Astaghfirullahi, huyo Masoud atatuharibia mtoto." Mjumbe akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. Akasema, "Hebu nyengine. Sikuwa tayari." Ukamwonesha nyengine, na nyengine, ukimwonesha upande wa nukta tu na kuificha upesi, na kila akikosea unampiga gotini. Alikunywa kahawa, akaandika majina yetu, akaondoka. Mlangoni aliniambia, "Mtoto wako ana akili, Bi. Mkazanie." Hakuna kadi hata moja aliyoigeuza.

Wewe hukujua kitu. Ulikuwa unacheza tu. Nami nilikaa nyuma ya mlango nikicheka na kulia, na bibi yako akiniuliza nimepatwa na nini.

Skuli ikawa rahisi baada ya hapo. Mwalimu alitoa vijiti, ukasema tano kabla hajaondoa mkono. Akavichanganya, akavificha nusu, ukasema. Kisha akakwambia sasa hesabu, nawe ukahesabu kwa kidole, ukafika tano, ukasimama. Ukasimama, Zuwena! Kwa sababu sasa ulijua unakwenda wapi. Mwalimu akaniambia, "Umemfanya nini?" Nikasema, "Sikumfanya kitu, mwalimu. Nimeacha kumfanya."

Miaka ikapita, nawe ukasomea ualimu. Wiki iliyopita, siku ulipojaribiwa kufundisha, ulinikataza nisije. Nilikuja. Nilijitilia bahasha mkononi kama mtu aliyetumwa, nikasimama nje ya dirisha la darasa. Nilikuona ukiwaonesha watoto nukta ubaoni na kuzifunika kwa kanga, na darasa zima linapiga kelele, "Nne!" Nilimsikia mkaguzi akisema kwa ubaridi, "Hawa wamekariri." Nilijua kinachofuata. Angeandika hufai kupewa watoto wadogo, ungebaki mjini, ungekaa mezani kama mimi ukisubiri kuambiwa inuka.

Mimi ningenyamaza pale. Ningesema samahani, bwana. Nawe ulisema nini?

"Basi bwana, panga mwenyewe."

Akachukua chaki, akazivunja, akazipanga nyuma ya kitabu chake, ovyo, kwa ujanja, akainua kitabu akakishusha. "Tano!" darasa zima. Akapanga tena kwa mstari uliopinda. "Nne!" Akamnyooshea kidole msichana mdogo wa mbele, yule mwenye hina mikononi. "Wewe umehesabu saa ngapi?"

"Sijahesabu," akasema yule mtoto. "Nimeziona tu."

Alisema mikono yake ikiwa juu ya meza, Zuwena. Imekunjuka, wazi. Niliondoka dirishani nikitembea katikati ya barabara, kichwa juu, na aliyetaka kuniangalia aliniangalia.

Ndiyo sababu nimeshindwa kuzichoma. Mimi nimeishi miaka hii nikihesabu: nani hakuitikia salamu yangu, nani amesimama sana chini ya dirisha, viatu vya nani hivyo kwenye ngazi. Na kitu kikubwa nilichowahi kukifanya, nilikifanya na majalada ya kuibwa kifuani. Sitaki kukichoma.

Huko Makunduchi watoto watakucheka kwa Kiswahili chako cha mjini. Waache wakucheke. Atakuwapo mmoja atakayeimba mpaka mia, na mzazi wake atakuwa amevimba kama mimi. Usimuaibishe mzazi. Atakuwapo mwengine atakayeficha mikono. Huyo mwoneshe mbili. Mbili tu, siku nzima ikibidi, macho mawili, ng'ombe wawili, mpaka acheke. Kisha tatu. Usikimbilie sita na saba, kwa sababu jicho la mtoto, na langu pia, likifika hapo huvunja mafungu: nne na tatu, kama ulivyomfundisha mjumbe. Na ukiona darasa lote linakujibu vizuri sana, zivue nguo namba zako, uzivishe nyengine, utazame nani bado anazijua. Mimi nilichelewa kufanya hivyo.

Kwa mfano wa kadi hizi tengeneza nyengine kwa karatasi mpya za skuli yako. Za zamani, karatasi ya khaki usiibandue. Ziweke au zichome, ni zako. Nami sitakuuliza.

Kumekuwa kimya huko chini. Nadhani umemaliza kusukwa.

Usiniandikie ofisini, barua pale hupita mikono mingi. Ukiandika kwa posta, bahasha iwe na jina la bibi yako, na maneno yawe ya salamu tu. Lakini posta ni polepole na mimi sina subira. Kila Alhamisi, nikitoka kazini, nitasimama Darajani pale linaposhusha gari la Makunduchi. Mpe dereva kikapu, umwambie ni ndimu za Bi mkubwa. Zikiwa mbili, una shida, nami nitapanda gari lilelile nije, hata kama ruhusa ya kazi sina. Zikiwa tatu, u mzima na unanikumbuka. Zikiwa nne, watoto wameanza kuona.

Wala usihangaike namna ya kuzipanga. Dereva akifunga breki, zikamwagika barabara nzima, moja chini ya gari na nyengine miguuni mwa watu, usijali. Nitatupa jicho mara moja tu.

Mama yako